Kuku Anayelalia Hana Shida, Sisi Ndio Tuna Haraka

Wasee, tangu nianze kupost vidio za kuku wetu wa nyuma ya ploti, swali moja halijawahi kukosa kwa komenti: "Kuku wangu amekataa kutoka kwa kiota, amevimba kama mandazi, nikiweka mkono ananidona, na hatagi tena. Nifanye?" Majibu pia ni yale yale. Mtumbukize kwa ndoo ya maji baridi. Mfunge mguu nje kwa jua. Muuze kabla hajakonda. Na kuna mmoja lazima aandike tu neno "supu" halafu anaenda zake.

Nitakuambia cha kufanya, usijali. Lakini kwanza tuongee historia, juu hii vita yetu na kuku anayelalia hatukuianzisha sisi. Ina zaidi ya miaka 2,000. Ndani yake kuna mama mjamzito wa Roma, kuna mlevi wa Sicily, kuna Mfaransa na mapipa ya mavi ya farasi, na inaishia kwa ile boksi ya karatasi yenye mashimo unaonaga ikipakiwa kwa matatu ikilia chwi chwi chwi. Hao watu wote walitafuta kitu kimoja: kupata vifaranga bila kumuomba kuku ruhusa. Na walifaulu sana, hadi saa hii kuna mamilioni ya kuku duniani ambao hawawezi kuwa mama hata ukiwabembeleza. Shida yangu ni kwamba ushindi huo ulitengenezewa mtu mwenye kuku 10,000 na jenereta. Sisi wenye kuku 14 na kamba ya nguo tumeuiga bila kuuliza unatusaidia nini.

Tuanze na venye huyo kuku anafanya. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kama 10 hadi 15, moja moja, siku baada ya siku. Yai la kwanza halianzi kukua. Linakaa tu kama mbegu iliyo kwa gunia. Hesabu ikitimia ndani ya kichwa chake, anaacha kutaga na anakaa. Manyoya ya tumbo yanapungua, ngozi inabaki wazi na inakuwa moto, ndiyo inagusa mayai moja kwa moja. Sasa mayai yote yanaanza safari siku moja, ndiyo maana yataanguliwa karibu pamoja, siku ya 21. Katikati hapo anatoka mara moja hivi kwa siku, anakula mbio mbio, anakunywa, anaacha choo kimoja kikubwa chenye harufu ya kufukuza wageni, anajipaka vumbi, anarudi. Mayai anayageuza kwa mdomo mara nyingi sana kwa siku. Wewe hata simu yako unasahau kuichaji.

Na hiyo hasira yake si tabia mbaya. Ni homoni. Miaka ya 1930 mwanasayansi wa Marekani anaitwa Oscar Riddle, ambaye alikuwa akichunguza njiwa, alitambua homoni ikapewa jina la prolaktini. Mwaka wa 1935 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba ukimdunga kuku homoni hiyo anaanza kulalia. Homoni yenyewe ndiyo ile inayomfanya mama binadamu atoe maziwa. Kwa hivyo ukiona kuku amevimba kwa kiota akikutolea macho, kwa damu yake yuko pale mama yako alikuwa wiki uliyozaliwa. Mtumbukize kwa ndoo sasa, tuone.

Sasa twende nyuma.

Kuku ametoka kwa ndege wa msituni wa Asia ya Kusini Mashariki. Utafiti uliochapishwa 2022 ulitaja mifupa ya zamani zaidi ya kuku wa kufugwa kuwa ile ya Ban Non Wat huko Thailand, kati ya 1650 na 1250 KK, na wakasema mpunga na nafaka ndizo zilimvuta huyo ndege akaribie watu. Yule ndege wa msituni bila kulalia hangekuwepo. Hiyo tabia ndiyo iliyomvusha. Binadamu alipomchukua, alichukua kila kitu kwa pamoja, nyama, yai, na mama.

Halafu binadamu akaanza kuwaza, huyu mama ana kazi gani hasa? Si ni joto tu?

Misri ndio walijibu hilo swali mapema kabisa. Aristotle, karne ya 4 KK, aliandika kwamba Wamisri huangua mayai bila kuku, kwa kuyafukia kwa marundo ya mavi. Samadi ikioza hutoa joto, mkulima yeyote anajua. Hapo hapo Aristotle akaweka ile story mi huipenda sana, ya mlevi wa mji wa Syracuse huko Sicily. Jamaa alikuwa anaweka mayai chini ya mkeka wake, halafu anakaa juu anakunywa, anakunywa, hadi vifaranga watoke. Siku 21 za pombe. Sijui kama ni kweli, lakini huyo ndiye mtu wa kwanza kwa historia ambaye angeweza kuandika "nafanyia kazi nyumbani" bila kudanganya.

Roma nao wana ya kwao. Pliny na Suetonius wote wanasimulia kuhusu Livia, ambaye baadaye aliolewa na mtawala Augusto. Alipokuwa na mimba alitaka kujua kama ni mvulana, akachukua yai akaliweka joto kwa mwili wake mwenyewe, akichoka anampa msaidizi wa kike alishike lisipoe, hadi likaanguliwa. Alitoka jogoo mwenye kishungi. Mtoto naye akawa Tiberio, mfalme wa Roma. Angalia hapo vizuri: kufanya kazi ya kuku mmoja, na yai moja tu, tajiri wa Roma alihitaji kikosi cha wafanyakazi wa zamu.

Wamisri walitoka kwa mavi wakafika kwa jengo. Walijenga tanuri za matofali ya udongo, ushoroba katikati, vyumba pande zote mbili, kila kimoja na orofa mbili. Mayai chini kwa maelfu, moto wa nyasi na samadi kavu juu, unauwasha na kuuzima kwa hesabu. Hawakuwa na kipimajoto. Fundi alikuwa anachukua yai analigusisha kwa kope la jicho, ngozi laini kabisa, anajua kama limezidi au limepungua. Ujuzi ulikuwa mali ya familia, baba kwa mwana, na kijiji kimoja cha Delta kinachoitwa Berma kilisifika kwa hiyo kazi. Wasafiri wa Ulaya waliandika mkataba wenyewe ulivyokuwa: mwanakijiji analeta mayai, mwenye tanuri anadaiwa vifaranga kwa thuluthi mbili ya mayai hayo, kinachozidi ni chake.

Hapo simama kidogo. Hiyo ndiyo mara ya kwanza mama wa kijijini anapeleka mayai yake kwa mtu mwingine na kurudishiwa vifaranga vichache kuliko mayai aliyopeka. Kuku wa nyumbani hakuwa anamdai kitu. Sasa kuna fundi, na fundi ana sehemu yake. Sisemi walinyonywa, tanuri liliangua mayai ambayo kuku wote wa kijiji hawangeweza. Nasema tu mlango ulifunguliwa hapo, na aliyeshika ufunguo hakuwa tena na manyoya.

Na kuna kitu kingine. Misri wana kuku wao wa asili anayeitwa Fayoumi, mdogo, mwerevu, anakimbia kama mwizi. Anajulikana kwa kutolalia mara nyingi. Mimi hainishangazi. Kama kwa karne nyingi kuku anayetaga tu na kuondoka ndiye mayai yake yanaenda kwa tanuri, na yule anayelalia anakupotezea wiki kumi, basi unajua nani ataacha wajukuu wengi. Hakuna mtu alikaa chini kupanga. Tanuri lilipanga lenyewe.

Ulaya walichelewa. Mfaransa Réaumur, yule yule wa kipimajoto cha nyuzi 80, aliziandika hizo tanuri za Misri kwa kirefu na mwaka wa 1749 akatoa kitabu kuhusu kuangua ndege bila mama. Alijaribu kwa mapipa yaliyozungushiwa mavi ya farasi, kipimajoto ndani. Ilifanya kazi, lakini Ufaransa si Misri, baridi ni baridi, na mkulima wa kawaida alirudi kwa kuku wake. Enzi hizo hizo Ulaya kulikuwa na ujanja mwingine wa ajabu: kumchukua jogoo aliyehasiwa, kumnyonyoa kifua, kumsugua na upupu wa kwao hadi ngozi iwashe, ndio atafute vifaranga wa kukumbatia apate nafuu. Yaani walikuwa tayari kumtesa mwanamume mzima ili wasimngoje mama. Kuna mafunzo ya jamii hapo lakini leo si siku yake.

Vita viliisha kweli kule California. Mwaka wa 1879, mji wa Petaluma, Lyman Byce, kijana aliyezaliwa Canada, pamoja na daktari wa meno anaitwa Isaac Dias, walitengeneza mashine ya kuangulia ambayo ilifanya kazi kibiashara. Baadaye Petaluma ilikuwa inajiita kapu la mayai la dunia. Kuku wao alikuwa Leghorn mweupe, ambaye asili yake ni Livorno, Italia. Alivuka bahari kwa meli karne hiyo ya 19, na sifa yake kubwa ilikuwa anataga, anataga, halafu anataga tena.

Kisha wakaleta mtego. Sitanii. Mwanzoni mwa karne ya 20 vituo vya utafiti vilikuwa vinatumia kiota chenye mlango unaojifunga kuku akiingia. Mfanyakazi anakuja, anasoma namba kwa mguu, anaandika, anamwachilia. Kwa mara ya kwanza mtu alijua kila kuku ametaga mangapi kwa mwaka. Na karatasi ilisema wazi: anayelalia, hesabu yake iko chini. Aondolewe. Dada yake aliyetaga 200 azae wengine. Mwaka baada ya mwaka, kizazi baada ya kizazi. Leo kuku wa mayai wa kisasa hutaga karibu 300 kwa mwaka, na ukimwekea yai chini anakuangalia kama umemuuliza hesabu za kidato cha nne.

Lakini kipande kinachonimaliza ni hiki. Mwaka wa 1918 posta ya Marekani ilikubali kubeba vifaranga wa siku moja kama barua. Kwa nini waliweza? Kwa sababu kifaranga kabla hajatoka huvuta kiini kilichobaki kikaingia tumboni, na anaweza kukaa kama siku 2 au 3 bila kula wala kunywa. Na kwa nini ana hiyo akiba? Kwa sababu mama yake hawezi kutoka kwa kiota hadi wadogo zake waliochelewa waangue. Akiba ni ya kumsubiri mama. Biashara nzima ya vifaranga wa boksi, ile ya kutoka kiwandani hadi Kakamega kwa basi la usiku, imesimama juu ya subira ambayo kuku alimwekea mtoto wake. Wamemtoa mama, wakabaki na muda wake.

Haya, nyumbani.

Kenya hii hadithi ilikuja na serikali. Mwaka wa 1976 ulianzishwa mpango wa kitaifa wa kuendeleza kuku kwa msaada wa Uholanzi, na moja ya mbinu ilikuwa kubadilishana majogoo: unatoa jogoo wako wa kienyeji, unapewa wa kisasa, anapanda kuku wako. Watoto walikuwa wakubwa, na mayai yaliongezeka. Wazo lenyewe halikuwa baya. Lakini jogoo hapandi saizi peke yake. Anakuja na yale yote ambayo kiota cha mtego kiliandika, pamoja na binti wasiotaka kukaa juu ya yai. Baadaye ikaja kienyeji iliyoboreshwa ya KARI, sasa KALRO, kule Naivasha. Kuku mzuri sana, anataga kuliko wa ocha, anavumilia. Ila muulize yeyote anayeuza hao vifaranga, atakuambia wazi: hawa hawalalii, ukitaka kuzalisha tafuta mashine au tafuta kienyeji halisi awalalie.

Umeskia hiyo sentensi ya mwisho? Yule kuku wa shosho anayeitwa mvivu kwa komenti ndiye anatafutwa alalie mayai ya kuku bora.

Shosho yangu hakuhitaji kuambiwa. Kwao kuku walikuwa wake, si wa guka. Ng'ombe wa guka, shamba la guka, kuku wa shosho. Karo ndogo ndogo, chumvi, nauli ya kwenda kwa dada yake, zote zilitoka chini ya kile kitanda cha fito kuku walilalia. Kiswahili chenyewe kina neno kwa jike aliyezaa, koo, na neno hilo lina heshima. Hatukuwa na neno moja la dharau kwa kuku anayelalia. La dharau tumelileta juzi.

Mathe wangu saa hii yuko kwa hesabu hiyo hiyo, ila Kitengela. Yai la kienyeji anauza shilingi 25 hapo geti, na hiyo pesa si ya urembo, inaenda kwa basi la shule la sista yangu. Kwa hivyo kuku wawili wakilalia pamoja mwezi mmoja, kuna pengo kweli. Ndio maana naelewa jirani alipomshauri awauze wote wawili Jumamosi. Tulikaa tukapiga hesabu kwa nyuma ya risiti. Ukimvunja kuku akaacha kulalia, anapumzika wiki moja hadi tatu ndio aanze tena, anakupa tuseme mayai 13. Hiyo ni shilingi 325. Ukimwachia mayai 12 aanguliwe 9, kifaranga mmoja wa siku moja tunanunua shilingi 100, hiyo ni 900, toa mayai 12 uliyomwekea, 300, unabaki na 600. Hapo bado hujalipa nauli, hujanunua taa ya kuwapa joto, na mlezi ni wa bure. Hesabu inavurugika kama mwewe wanapita sana kwenu au kama hujachanja kideri, hiyo lazima niseme. Kideri hakijali mama ni nani. Chanja.

Mathe hakuuza. Lakini pia hakuwaacha wote walalie, na hapo ndipo mimi na wale wa "kuku asiguswe ni uumbaji" tunatofautiana. Kuna wakati wa kumvunja. Kama huna jogoo, yule dada anakalia mayai ambayo hayatatoka kitu. Hajui. Siku ya 21 itapita na ataendelea kukaa, anakonda, kishungi kinapauka, viroboto wanampanda. Hiyo kumwachia si upole.

Sasa, njia. Maji baridi ya ndoo watu wameyatumia tangu kale, na msingi wake wanaukaribia: tumbo lina moto, ukilipoza mwili unapata habari kwamba hakuna mayai. Lakini ndoo ni dakika moja, na kuku aliyelowa jioni ya Julai anaweza kukufia na homa. Kumnyima chakula ni ukatili tu, tayari amekonda. Kinachofanya kazi ni kizimba chenye sakafu ya waya au fito zilizoachana, kimeinuliwa kutoka chini ili hewa ipite tumboni, mahali penye mwanga, hakuna nyasi, hakuna kona ya giza. Maji na chakula viwepo. Siku 3 hadi 5. Ukimtoa akirudi kiotani mbio, rudisha siku mbili. Akienda kuchakura na wenzake, imeisha. Mmoja wetu alitoka siku ya nne. Na ukimwona tu ameanza kuvimba, anza siku hiyo hiyo, usingoje wiki mbili, juu kadiri anavyokaa ndivyo inavyokuwa ngumu. Na okota mayai kila jioni. Rundo la mayai ndilo linamwita.

Yule mwingine tulimwachia. Na hapa kuna ujanja wa zamani ambao maafisa wa kilimo wamekuja kuufundisha kwa semina. Kuku wa kwanza akianza kulalia, usimpe mayai yake yote. Mpe moja au mawili yaliyopitwa, yenye alama ya makaa, akae nayo. Yako mengine weka mahali baridi, ncha ikiangalia chini, yasizidi wiki moja hivi. Mwenzake akianza kulalia, usiku mmoja unawapa wote mayai mazuri, 10 hadi 12 kila mmoja. Wanaangua siku moja. Vifaranga wote unampa yule mlezi mzuri, usiku tena, yule mwingine unamrudisha kwa kutaga. Siku ya saba zima taa zote, washa tochi ya simu, shika yai juu yake. Ukiona mishipa kama mizizi, kuna mtu. Ukiona liko wazi kama maji ya chupa, ondoa. Nyunyiza jivu kwa kiota kabla hajakaa, viroboto hawalipendi.

Na mashine? Mimi sina chuki nazo. Jirani, jamaa mkarimu, alikuwa na ya mayai 176. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, hadi uwanja wa ndege. Unakumbuka. Mayai yake yalikuwa siku ya 16. Tulibeba blanketi, tukachemsha maji tukaweka kwa chupa, tukawa tunaguza mayai kwa shavu, na hapo ndipo niliwaelewa wale wazee wa Berma na kope zao. Stima ilirudi kwetu kesho yake. Walitoka vifaranga 31. Ile wiki, kuku wa mathe alikuwa kwa kreti ya soda nyuma ya tenki, gizani vilevile, juu ya mayai 11. Walitoka 9.

Watu wataniambia kuku mmoja hawezi kulisha Nairobi. Kweli, hawezi, na sijasema afunge viwanda. Kuku wa mayai 300 ndiye anafanya smoki na yai iwe bei ya mwanafunzi, na mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili nimeishi kwa hiyo kitu. Hoja yangu ni ndogo. Mwenye kiwanda hahitaji kuku anayelalia, na ana sababu. Wewe mwenye banda la mabati na kuku 8, ukimuua kila anayelalia na kubakisha asiyelalia, unafanya kazi ya kiota cha mtego bila mshahara. Miaka mitano hivi utakuwa na kuku wanaokutegemea mwenye boksi kila mara unataka kifaranga. Bei atapanga yeye.

Kuna methali, mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Ni kweli, kifaranga wa boksi pia anachakura. Lakini hebu kaa chini siku moja uangalie mama akiwa na wake. Akipata mchwa hamli. Anamwokota, anamwangusha, anamwokota tena, huku anatoa kasauti ka haraka haraka hadi wote wafike. Mwewe akipita anatoa sauti nyingine kabisa, moja tu ndefu, na kwa sekunde uwanja hauna mtu. Inaendelea hivyo kama wiki sita, saba, nane. Halafu asubuhi moja kifaranga, ambaye sasa ana miguu mirefu na manyoya ya kubahatisha, anakimbilia punje karibu na mdomo wa mama, na mama anamdona kichwani. Anashangaa, anarudi, anadonwa tena. Wetu alifanya hivyo Jumanne. Usiku wake alipanda fito kulala na wakubwa, akawaacha chini wakilia. Ijumaa nikasikia zile kelele za kutaga nyuma ya tenki, na yai lilikuwa bado moto.